Barua Iliyotiwa Plastiki

Swali lililoninyima usingizi kwa majuma matatu lilikuwa hili: serikali ikishaifuta sheria, mimi ni nani hata niendelee kuishikilia juu ya nyanya yangu? Niliamka nalo katika chumba changu cha kupanga mjini Embu, nikapiga mswaki nalo, nikaenda nalo kazini. Siku moja nilichukua karatasi, nikaigawa katikati kwa rula, upande huu sababu za kuendelea, upande ule sababu za kuacha. Pande zote mbili zikajaa sawasawa. Nikaichana, nikaanza nyingine.

Afadhali nieleze mapema kwamba nilisomea hesabu za bima. Ni elimu ya kukadiria mabaya yatakayompata mtu kabla hayajampata, na mtu mwenye tabia kama yangu hangepaswa kuruhusiwa kuikaribia. Wenzangu walijifunza kukadiria ajali za magari. Mimi nilijifunza kukadiria kila kitu. Nikila samaki, nakadiria mwiba. Kazi ya bima sikuipata. Nilipata kazi katika duka la kuchapa na kutoa nakala, mkabala na ofisi za serikali. Watu waliniletea fomu zao, nikazijaza, nikazichapa, na zile za thamani nikazipitisha kwenye mashine inayozitia plastiki ngumu zisilowe. Mashine hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nyanya yangu anaishi Kibirichia, kwenye viazi na upepo. Mimi ni mjukuu wake wa kwanza wa kiume upande wa baba, kwa hiyo nilipewa jina la marehemu babu, na kwa desturi yetu hilo linanifanya niwe mume wake. Tangu nikiwa na miaka mitatu ananiita “mume wangu” mbele za watu. Hunilaumu kwa kusahau sukari, huwalalamikia wageni kwamba nilimwoa nikamwacha na ng’ombe. Nilipoota ndevu zangu mbili za kwanza alisema sasa angalau anaweza kutembea nami barabarani bila aibu. Nikiwa nyumbani nakalia kigoda cha babu, na hakuna mwingine anayethubutu kukikalia, hata baba yangu ambaye ndiye mwana wa mwenye kigoda.

Mwaka mmoja kabla ya korona kuifunga dunia, nyanya alishikwa na nimonia, akalazwa hospitali mjini Meru, akawekwa kwenye oksijeni. Nilikaa naye siku tatu. Kila alipopata nguvu aliisogeza ile barakoa ya oksijeni kando kidogo, akasema uji hauna sukari, akairudisha. Daktari alitueleza kwamba mapafu yake yamechoshwa na moshi wa kuni wa miaka mingi. Mafua ya kawaida, yale sisi wengine tunayoyapangusa kwa mkono wa shati, yangeweza kumrudisha kitandani pale, na safari ya pili huenda isiwe na kurudi. Tangu siku hiyo kila anayepiga chafya Kibirichia mimi huisikia Embu.

Kwa hiyo sheria zilipokuja, wengine walilia, mimi nikapumua. Sikuwa peke yangu tena. Kumbe kulikuwa na serikali nzima iliyofikiri kama mimi!

Makanisa yalipofunguliwa tena, waliovuka miaka hamsini na minane waliambiwa wabaki nyumbani. Jumapili ya kwanza nyanya alifunga kitambaa chake cheupe, akavaa barakoa aliyoshonewa kutokana na pazia la sebuleni, akaenda. Chuo kilikuwa kimefungwa na mimi nilikuwa nyumbani, nikamfuata nyuma nikimsihi arudi. Mlangoni alisimama mzee wa kanisa, ameshika daftari na kile kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso.

“Mama, una miaka mingapi?”

“Hamsini na saba.”

“Mama. Kifungua mimba wako ana hamsini na mbili.”

“Nilianza mapema.”

Foleni yote ikacheka. Mzee wa kanisa akajikaza.

“Basi tuone kitambulisho.”

“Kile kiliandikwa na karani aliyenikadiria kwa macho. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kuvuna, nimechoka. Akaniona mzee.”

“Nikikuingiza, chifu atafunga kanisa.”

“Wewe! Nilikufundisha kukaa kimya kanisani ukiwa na makamasi mpaka hapa. Leo ndiwe wa kunipima joto?”

Hakumruhusu. Nyanya hakukasirika hata kidogo. Alizunguka nje ya uzio wa waya, akageuza kreti la viazi, akaketi usawa wa dirisha, na nyimbo zilipoanza akaimba kwa sauti ambayo hakuna mtu aliyejua mapafu yale bado yanayo. Waliokuwa ndani walijaribu kuimba kwa mwendo wao, wakashindwa, wakamfuata yeye. Jumapili iliyofuata kulikuwa na makreti manne pale nje. Iliyofuata, saba. Mhubiri akaanza kuhubiri akiwa ameelekea dirishani.

Ningeishia hapo ningekuwa nimetulia. Lakini baadaye sheria ya umri ililegezwa, na mimi nilikuwa nimesharudi Embu, nimemaliza mitihani na kuanza kazi dukani. Shangazi yangu, dadake baba, ambaye ndiye anayeishi na nyanya na kulima shamba lile, akanipigia simu.

“Amesikia redioni. Anasema Jumapili anaingia ndani na anakaa benchi la mbele. Na watu huku wameanza kukohoa.”

“Mwambie asiende.”

“Nimwambie mimi? Mimi ni mtoto wake. Wewe ndiwe mume wake, mwambie wewe.”

Nikapewa nyanya. Nikasema neno ambalo sikuwa nimelipanga: kwamba sheria imelegezwa, ndiyo, lakini si kwa wale waliowahi kuwekwa oksijeni. Wao wana sheria yao. Kila mmoja ana barua yake.

“Yangu iko wapi?”

“Inakuja,” nikasema.

Siku hiyo hiyo, duka lilipotulia, niliichapa. Niliandika kwa herufi kubwa kwamba mwenye barua hii ana kifua cha kulindwa. Asiingie kwenye mikusanyiko. Asitembelewe na zaidi ya watu wawili kwa wakati mmoja. Wageni wasimame umbali wa hatua tatu. Sikuweka jina la ofisi yoyote wala muhuri. Nilijiambia kwamba, kwa kuwa sikuweka muhuri, si uongo kamili. Chini nikachora sahihi ambayo ingeweza kuwa ya mtu yeyote. Kisha nikaipitisha kwenye mashine, ikatoka inang’aa, kingo zake ngumu, ya moto bado kama chapati.

Mtu asiyetoka kwetu huenda asielewe jambo hili. Karatasi tupu ni karatasi; hufungiwa sukari dukani. Lakini karatasi iliyotiwa plastiki ni serikali. Nyanya hakuuliza muhuri. Aliitoboa tundu moja, akaitia kamba ya katani, akaitundika langoni mwa boma kwenye ua wa kayaba. Jioni aliitoa, akaihifadhi katika mkebe uleule wenye hatimiliki ya shamba.

Mwanzoni ilikuwa raha. Shangazi alinisimulia jinsi wakala wa viazi alivyoisoma akarudi nyuma hatua tatu bila kuombwa, akatumbukia kwenye mtaro. Nyanya alicheka siku mbili. Alimtangazia kila mpita njia kwamba serikali inamjua kwa kifua chake. Lakini akina mama wa chama chao, wale wanaolimiana kwa zamu, leo shamba lako kesho langu, walikuja wakasoma, wakapunga mkono, na baada ya mwezi hawakuja tena. Kanisani kreti lake likachukuliwa na mtu aliyetaka kubebea viazi.

“Siku hizi anaongea na ng’ombe kuliko mimi,” shangazi aliniambia. “Na si kwamba ng’ombe anamjibu vizuri.”

Nilihitimu katikati ya kipindi hicho, kupitia skrini. Jina langu lilipita pamoja na mengine mia kadhaa, mimi nikiwa nimekaa kitandani na joho la kukodi, suruali ya kulalia chini. Joho lilirudi kwa mwenyewe, kofia nikaruhusiwa kubaki nayo. Niliituma Kibirichia pamoja na picha, na nyanya akaitundika juu ya picha ya babu, akamvalisha. Akanipigia simu.

“Nimeona umemaliza. Lakini sijakubariki, kwa hiyo bado.”

Kwa wazee wetu baraka kamili ina mate. Mzee hukufungua kifungo cha juu cha shati, akakutemea kifuani kidogo tu, manyunyu, huku akitamka yale anayokutakia. Nyanya ni Mkristo wa miaka yote na haoni shida yoyote hapo. Hata Bwana Yesu, atakukumbusha, alitumia mate.

“Nibariki kwa simu, nyanya.”

“Mate hayapiti kwa simu.”

Miezi ikaenda. Sheria zikaanguka moja baada ya nyingine, mpaka siku ile ilipotangazwa kwamba hata barakoa si lazima tena. Mjini Embu watu walizivua barabarani kama waliovua viatu vinavyobana. Nami nilifurahi, nikavuta hewa, nikaona kwamba mwuza mahindi wa kona yetu, ambaye nilimfahamu miaka miwili, ana pengo. Kisha shangazi akapiga simu.

“Anataka sherehe yako. Hapa nyumbani. Kanisa lote, chama chote. Anataka kukubariki mbele za watu. Lakini kuna barua.”

“Barua,” nikasema.

“Anauliza mwisho wake ni lini. Anasema kila karatasi ya serikali ina mwisho, hata leseni ya mbwa.”

Hapo ndipo yale majuma matatu yalipoanza. Nikisema barua imekwisha, boma litajaa watu wanaopumua, na mimi ndiye nitakuwa nimewafungulia lango. Nikisema ingalipo, ataendelea kuongea na ng’ombe kwa sababu ya karatasi yangu. Na ile baraka: nilikaa kukadiria kwamba mate yanatoka kwake kuja kwangu, kwa hiyo hatari ingekuwa yangu. Lakini ili yanifikie lazima nisimame mbele ya pua yake, na pumzi itakayokuwa pale kati ni yangu.

Nilipata likizo ya siku mbili, nikaenda Meru. Kabla ya kupanda Kibirichia nilipitia kliniki ya kifua anakotibiwa, katika hospitali ile ile aliyolazwa. Muuguzi aliyekuwepo alimkumbuka, kwa sababu ya uji. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, hata kuhusu barua. Alinisikiliza huku akipanga faili.

“Amechanjwa?”

“Mara zote. Shangazi alimleta.”

“Vizuri. Sherehe ni nje au ndani?”

“Nje, nadhani.”

“Basi mkae nje, wenye mafua wasije, asikumbatiane na kila mtu. Hatari haitaisha, itapungua. Sasa nikuulize. Haya yote unaniuliza mimi. Yeye umemuuliza?”

Nikasema yeye angesema tu anataka watu.

“Kwani kichwa chake ni kibovu?”

“Hapana!”

“Aliyelazwa hapa alikuwa na mapafu mabovu,” akasema, “kichwa kilikuwa kizima kabisa. Mpaka zamu zangu alikuwa ananipangia.” Akafungua mlango akamwita mgonjwa anayefuata.

Njia yote ya kupanda nilifanya mazoezi ya maneno ya kukiri. Nilikuwa na utangulizi, nilikuwa na sababu, nilikuwa na hitimisho. Nilipofika, nyanya alikuwa langoni amevaa gambuti, ananyoosha fimbo yake kunipimia umbali. Barua ilikuwa inapigwapigwa na upepo kando ya kichwa chake.

“Mume wangu! Umekonda. Huko Embu unapikiwa na nani?”

“Najipikia.”

“Ndiyo maana. Simama hapo kwanza, soma.”

“Nyanya, barua hii niliiandika mimi.”

Utangulizi wote ukapotea. Nikamweleza kwamba hakuna serikali iliyomwandikia. Kwamba sheria ya kanisani ilikwisha zamani kwa wote, na nyingine zote zimekwisha. Kwamba niliogopa, na niliona ni rahisi kumtisha kwa serikali kuliko kumwambia ninaogopa.

Aliishusha fimbo. Akaitungua barua, akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

“Na sahihi hii?”

“Yangu.”

“Mbaya.” Akaiangalia tena. “Nilijiuliza mkubwa gani huyo anayeandika kama kuku.”

Kisha akaingia ndani bila kunikaribisha. Shangazi, aliyekuwa akivuna upande wa chini wa shamba, akanikabidhi jembe la uma, na mimi nikashuka kwenye mitaro kuchimba viazi. Nilichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nilijua amekasirika kwa sababu hakuwa anaimba. Nilikadiria kwamba hatanisamehe. Nilikadiria kwamba atapandisha hasira, hasira itapandisha kikohozi, na kikohozi kitampeleka Meru, na kwamba ukweli wangu utakuwa umemdhuru kuliko uongo.

Jua lilipoanza kuelekea mlimani akaja akasimama mwanzo wa mtaro, kigoda cha babu mkononi. Akakikalia yeye mwenyewe. Sikuwahi kumwona akikikalia.

“Yule mwenzako wa kwanza,” akasema, “alinidanganya mara moja. Aliniambia ng’ombe sita ni wake. Nilipoolewa nikakuta ni wa amu yake, yeye ni mchungaji tu. Unajua nilimfanya nini?”

“Hapana, nyanya.”

“Nilimwambia mume anayemdanganya mke wake anatozwa faini, na mke ndiye anayeitaja. Miezi mitatu alichota maji mwenyewe mtoni, mchana, wanaume wenzake wakimwona.”

Shangazi aliacha kuchimba. “Baba? Na mtungi?”

“Na kamba kichwani.”

Shangazi akaanza kucheka, nikaanza mimi, na nyanya akangoja tumalize kwa sababu bado alikuwa na kesi.

“Umenikosesha benchi langu mwaka na zaidi. Kifua ni changu. Ulipokuwa huna meno, nani alikuwa anaamua unywe maji au maziwa? Mimi. Lakini sasa mimi nina meno.”

“Manne,” shangazi akasema.

“Manne yanatosha kuamua. Mume wangu, kalamu unayo?”

Faini yangu ilikuwa barua mpya. Nikaiandika palepale mtaroni, juu ya goti lenye udongo, yeye akiniambia neno kwa neno kwa Kimeru na mimi nikiligeuza. Nilidhani atafuta kila kitu. Badala yake alifikiri sana, akiitazama barabara, na nikagundua kwamba miezi yote ile hakuna aliyempa nafasi ya kufikiri jambo hili mwenyewe. Alisema atakwenda kanisani, benchi la nyuma karibu na mlango, kwa sababu kule kuna hewa na pia anaweza kuona nani amechelewa. Alisema atarudi kwenye chama lakini atalima upande upepo unakotoka, wengine wamfuate. Sherehe itafanyika nje na kila mtu atapewa mkono wa maneno, si wa vidole. Akaongeza kwamba hakuna mtu kusema uongo tena kwa ajili ya mapafu yake.

“Andika hili kwa herufi kubwa. Anayekohoa au mwenye mafua abaki nje ya uzio, apelekewe chakula chake huko huko, hata awe askofu.”

Nikaandika.

“Ongeza. Hata awe mume wangu.”

Nikaongeza. Safari hii sahihi iliwekwa na mwenyewe, kwa kidole gumba na udongo wa viazi. Niliipeleka Embu, nikaitia plastiki, nikaituma kwa basi hadi Meru mjini, shangazi alikoshuka na viazi vya kuuza. Usiku ule nililala kama mtoto.

Sherehe ilipangwa Jumamosi, mwezi uliofuata. Ijumaa nilifika Meru, nikalala kwa rafiki niliyesoma naye, na asubuhi nikaamka na kitu kooni. Hakikuwa kikohozi. Kilikuwa mkwaruzo mdogo, kama ganda la maharagwe. Puani kulikuwa na unyevu ambao ungeweza kuwa baridi ya asubuhi tu.

Nilinunua pipi za mnanaa, nikanywa tangawizi. Saa nne, nikielekea juu nyuma ya bodaboda, mkwaruzo ulikuwa umepungua kiasi kwamba hakuna mtu duniani angejua isipokuwa mimi. Hakukuwa na sheria yoyote ya kunizuia. Mlangoni hakukuwa na mzee wa kanisa mwenye kipimajoto. Sherehe ilikuwa yangu, mbuzi alikuwa ameshachinjwa kwa ajili yangu, na nyanya alikuwa amengoja kunitemea mate kwa karibu mwaka mzima.

Niliposhuka nilisikia kuimba. Boma lilikuwa limejaa. Makreti ya viazi yalipangwa kwa safu, yameachana, na sufuria za mukimo, viazi vyetu vya kuponda, zilikuwa zinatoa mvuke. Nyanya alikuwa katikati, kitambaa cheupe kichwani, akimwamuru mzee wa kanisa yule yule ahamishe kreti lake upande wa chini wa upepo. Barua mpya ilikuwa imetundikwa langoni, inang’aa. Niliisoma yote, nikitembea kwa macho mpaka mstari wa mwisho.

Kwa mara ya kwanza tangu nijijue, sikugawa karatasi katikati. Nilivaa barakoa yangu, nikampigia shangazi simu, nikamwona anaipokea pale kando ya sufuria.

“Uko wapi? Watu wanakungoja!”

“Niko langoni. Koo linanikwaruza. Nitupie kreti.”

Habari ilipita boma zima kabla hajakata simu. Mama mmoja wa chama akapiga kigelegele, na kicheko kikalipuka kama mahindi kwenye kikaango. Kreti likarushwa juu ya ua wa kayaba. Nikaketi. Mzee wa kanisa akaninyooshea sahani ya nyama na mukimo juu ya beleshi refu, akasema sasa na yeye anajua jinsi ya kumlisha simba.

Nyanya akaja mpaka hatua zake za fimbo kutoka langoni, akakagua upepo unakotoka, akasogea upande wa juu.

“Mume wangu, nani amekufukuza nyumbani siku ya sherehe yako?”

“Nimejifukuza.”

“Ni wewe kweli uliyesoma barua, au ni shangazi yako amekusomea?”

“Nimesoma mwenyewe, nyanya. Mpaka pale pa askofu na mimi.”

Nyanya akageuka akamtuma mtu ndani, na kofia yangu ya mahafali ikaletwa kutoka juu ya picha ya babu. Akaipangusa vumbi kwa kiwiko. Akainamia ndani yake, akatema mara moja, mara mbili, manyunyu, akizungumza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: niwe na kazi ya kukalia kiti, niwe na mke mwingine maana yeye amechoka, nile nishibe, na woga wangu unisaidie usinimalize. Akampa shangazi, na shangazi, mwenye mkono wa kurusha viazi kwenye lori, akairusha. Ikapaa juu ya kayaba ikizunguka, na mimi nikasimama nikaidaka kwa mikono miwili.

“Vaa kabla hayajakauka!” akasema nyanya.

Nikaivaa. Ilikuwa na unyevu kidogo kwenye paji la uso. Ndani ya boma wakaanza kuimba, na yeye akarudi katikati yao kuwaongoza. Nami nikaketi kwenye kreti langu nje ya uzio, nikaitikia kwa sauti ndogo, ili koo lisinisaliti.